Samsoni, Mtu wa Kuficha

Ukutani mwa chumba tulichosomea shule ya Jumapili, miaka ile nilipokuwa darasa la tatu, palikuwa na picha ya Samsoni iliyokwisha kupauka kwa jua. Alikuwa na kifua kipana kama mlango wa ghala na mikono minene kuliko mapaja ya baba zetu, naye alisimama katikati ya nguzo mbili zinazopasuka, uso ameuelekeza juu. Kwa miaka mingi nilidhani kisa chake ni kisa cha misuli. Aliyenitoa katika dhana hiyo ni bibi yangu mzaa mama, ambaye hakujua kusoma, na ambaye wakati wa likizo alinitaka nimsomee Biblia jioni huku yeye akisaga ulezi kwenye jiwe. Kitabu cha Waamuzi alikipenda kwa sababu, alisema, hakina orodha ndefu za nani alimzaa nani. Tulipofika mahali ambapo Delila anamwuliza Samsoni nguvu zake nyingi zinatoka wapi, alisimamisha mikono juu ya jiwe. "Sasa, mume wangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita, kama mabibi wengi wanavyowatania wajukuu wao wa kiume, "kama alikuwa na mwili wa ile picha yenu ya kanisani, huyu mwanamke anauliza nini?"

Swali lile nimekuja kuliona bora kuliko mahubiri mengi niliyosikia juu ya Samsoni. Sura nne zinazomhusu, kuanzia ya 13 hadi ya 16, hazisemi popote kwamba alikuwa mrefu au mnene. Waandishi wa Kiebrania hawakuona taabu kutaja kimo pale kilipohusika: Sauli anatajwa kuwa aliwapita watu wote kuanzia mabegani kwenda juu, na Goliathi anapimwa kabisa, dhiraa sita na shubiri moja. Samsoni hapimwi. Nguvu humjia ghafla, roho ya BWANA inapomshukia, kisha tunamwona tena akiwa mtu wa kawaida anayeshikwa na kiu, anayepitiwa na usingizi, anayerudi nyumbani kwa baba yake akiwa amekasirika. Mwili mkubwa alipewa na waliokuja baadaye. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasema kati ya bega lake moja na jingine palikuwa na dhiraa 60, upana ambao usingemruhusu kupita katika kichochoro chochote cha Sora, mji wa kwao. Na katika sinagogi la karne ya 5 lililofukuliwa Huqoq, huko Galilaya, sehemu ya sakafu ya mozaiki iliyofunuliwa mwaka 2013 inamwonyesha akiwa jitu, amebeba lango la Gaza mabegani. Kumbe picha ya kanisani kwetu ilikuwa na ukoo mrefu.

Nilipoacha kuitazama misuli, nilianza kuona jambo jingine lililotapakaa katika sura zile zote: nani anamwambia nani, na nani anafichwa. Linaanza kabla Samsoni hajazaliwa. Malaika wa BWANA anamtokea mke wa Manoa, mtu wa kabila la Dani kutoka Sora, mwanamke tasa ambaye kitabu hakimtaji jina hata mara moja ingawa yeye ndiye mwenye akili zaidi katika sura nzima. Anaambiwa asinywe divai wala kileo, asile kitu kilicho najisi, kwa kuwa atazaa mtoto wa kiume. Wembe usipite kichwani mwa mtoto huyo, kwani atakuwa Mnadhiri wa Mungu, yaani mtu aliyetengwa kwa nadhiri, tangu tumboni. Naye ataanza kuwaokoa Israeli na mikono ya Wafilisti. Mwanamke anakwenda kwa mumewe na kumsimulia. Anamweleza habari za divai na kileo, anamweleza kwamba mtoto atakuwa Mnadhiri. Wembe hautaji. Wokovu wa Israeli hautaji. Badala yake anaongeza maneno ambayo malaika hakuyasema, kwamba mtoto atakuwa Mnadhiri tangu tumboni hadi siku ya kufa kwake.

Manoa, asiyeridhika na habari za kusimuliwa, anaomba yule mgeni arudi. Anarudi, lakini anamjia tena mwanamke, akiwa shambani peke yake, na inabidi mwanamke akimbie kumwita mumewe. Na hata hapo, Manoa anapouliza mtoto atalelewaje, malaika anayarudia masharti yanayomhusu mama, ya mzabibu na kileo na vitu najisi, na habari za wembe hazisemwi. Mimi naamini mwanamke alinyamaza kwa makusudi, na malaika akaiheshimu kimya yake. Manoa ni mwanamume ambaye, akiona mwali wa moto ukipanda juu kutoka madhabahuni, anatamka mara moja kwamba lazima watakufa, na ni mkewe anayemtuliza kwa hoja iliyonyooka: kama BWANA angependa kutuua, asingeipokea sadaka mikononi mwetu wala asingetuonyesha haya yote. Mume wa namna hiyo huambiwa habari kwa kipimo. Siri ya wembe ikabaki kwa mama, na katika yote tunayosimuliwa hakuna mwingine ambaye Samsoni angeipata kwake.

Unadhiri wenyewe umeelezwa katika sura ya 6 ya kitabu cha Hesabu. Kwa kawaida ulikuwa nadhiri ya muda, aliyoiweka mtu mzima kwa hiari yake: asionje chochote kitokacho katika mzabibu, asinyoe nywele, asikaribie maiti. Muda ukiisha, alinyoa kichwa mlangoni pa hema ya kukutania na nywele zake zikatiwa motoni chini ya sadaka ya amani. Samsoni hakuchagua wala hakuwekewa kikomo. Aliwekewa nadhiri na wengine, na maisha yake yote yanasomeka kama ya mtu anayetembea kandokando ya nadhiri hiyo, akichungulia.

Jina lake kwa Kiebrania ni Shimshon, kutoka neno shemesh, yaani jua, ndugu wa neno la Kiarabu lililotupatia majina ya kina Shamsa na Shamsi pwani yetu. Ng'ambo ya bonde, mkabala na Sora, ulikuwapo mji wa Beth-shemeshi, nyumba ya jua. Asili ya jina la Delila inabishaniwa na wataalamu, lakini sikio la Mwebrania haliwezi kuacha kusikia ndani yake laila, usiku, neno lile lile tunalolisikia tunapotaja Lailatul Kadiri. Msimulizi hana haja ya kuueleza mchezo huo; ameweka jua na usiku katika bonde moja la Soreki na kuwaacha.

Turudi kwenye kuficha. Samsoni kijana anateremka Timna, mji wa Wafilisti ulio umbali wa saa chache tu kwa miguu, akamwona msichana na kuwataka wazazi wamwoe kwa ajili yake. Njiani, kwenye mashamba ya mizabibu, mwanasimba anamngurumia, naye anamrarua kama mtu araruavyo mwanambuzi, kwa mikono mitupu. Hapo msimulizi anaweka kifungu kifupi: hakuwaambia baba yake wala mama yake alilolitenda. Baada ya siku kadhaa anageuka kuutazama mzoga, anakuta nyuki na asali, anaipakua kwa mikono yake, anakwenda akila, na akiwafikia wazazi anawapa nao wanakula. Kifungu kile kinarudi: hakuwaambia kwamba asali ameitoa katika mzoga wa simba. Alikuwa na sababu, kwa kuwa mzoga ulikuwa najisi kwa Mwisraeli yeyote, sembuse kwa mama aliyekatazwa vitu najisi kwa ajili ya mtoto huyu huyu. Humo ndani ninaona kijana ambaye ameanza kuwalisha wazazi wake jambo wasilolijua, na kuwatazama wakilamba vidole.

Kisha anatega kitendawili. Sisi tulioanza utoto wetu kwa "Kitendawili!" na "Tega!" tunajua sheria ya mchezo: jibu lazima liwe kitu ambacho wote wamekiona. Paa langu, kuku wangu, shamba langu lisilolimika. Kitendawili cha Samsoni kinavunja sheria hiyo, kwa sababu jibu lake amelishuhudia mtu mmoja tu duniani. Kutoka katika mlaji kimetoka chakula, kutoka katika mwenye nguvu umetoka utamu. Nani angeweza kukitegua? Vijana 30 wa Timna walioletwa kumsindikiza bwana harusi wanapewa siku saba za karamu, na dau ni mavazi 30 ya kitani na mavazi 30 ya kubadili. Wakishindwa kwa akili, wanamgeukia bibi harusi: mbembeleze mumeo atuambie, ama tutakuteketeza kwa moto wewe pamoja na nyumba ya baba yako.

Msichana huyu, asiyetajwa jina naye, amebebeshwa lawama nyingi mimbarani kana kwamba alilia kwa hila. Alilia kwa sababu alitishiwa kuchomwa moto. Samsoni anamjibu kwa maneno ambayo ndani yake kisa chote kimekunjwa: tazama, sikuwaambia baba yangu wala mama yangu, nikuambie wewe? Siku ya saba anamwambia, naye anawaambia watu wake, na kitendawili kinateguliwa kabla jua halijazama. Samsoni anakwenda Ashkeloni, anawaua watu 30, anawalipa wenzake kwa mavazi ya maiti hao, kisha anaondoka kwa hasira. Mkewe anaozwa kwa mmojawapo wa wasindikizaji. Akirudi wakati wa mavuno ya ngano na mwanambuzi mkononi kutaka suluhu, anazuiwa mlangoni na baba mkwe, ndipo anapokamata mbweha 300, anawafunga mkia kwa mkia, anatia mwenge kati ya kila mikia miwili na kuwaachia katika mashamba. Wafilisti wanalipiza kwa kumchoma moto yule msichana pamoja na baba yake. Kile alichokiogopa na kukikimbia kwa machozi ya siku saba ndicho kilichompata, na hakuna sura yoyote inayorudi kumwombolezea.

Juu ya mbweha nitachepuka kidogo. Neno la Kiebrania, shual, hutumika kwa mnyama zaidi ya mmoja wa jamii hiyo, na wafasiri wa Ulaya wengi walichagua yule anayeishi peke yake shimoni, ambaye kuwakamata 300 ingekuwa kazi ya mwaka. Sisi tuna mbweha, ambaye tukimtaja tunamfikiria yule anayetembea kwa makundi na kulia usiku nje ya kijiji. Katika jambo hili Kiswahili kimetuweka karibu zaidi na mashamba ya Timna.

Yanayofuata huko Lehi yanajulikana, nami sitayakalia: watu 1,000 aliowaua kwa taya bichi la punda, na kiu kali iliyomfanya amlilie Mungu. Kinachonishika ni kilichotangulia. Watu 3,000 wa Yuda, ndugu zake, wanateremka kwenye mwamba wa Etamu kumkamata wao wenyewe, wakimwuliza kama hajui kwamba Wafilisti ndio wanaowatawala. Kati ya waamuzi waliomtangulia, Ehudi alikuwa na jeshi, Debora na Baraka walikuwa na jeshi, Gideoni alikuwa na watu 300. Samsoni aliwahukumu Israeli miaka 20, na katika miaka yote hiyo hatumwoni hata siku moja akiwa na mtu mmoja nyuma yake. Hata Gaza, alipong'oa milango ya mji pamoja na miimo na komeo lake na kuipandisha hadi mlima unaoelekea Hebroni, safari ya kilomita zipatazo 60 kwa mwendo wa kukwea, aliifanya usiku na peke yake.

Baada ya hayo ndipo anapompenda Delila. Nasema anapompenda kwa sababu hapa ndipo msimulizi mwenyewe anaposema kwa mara ya kwanza kwamba Samsoni alipenda. Msichana wa Timna alimpendeza machoni tu, na yule aliyemwendea Gaza usiku wa ile milango alikuwa kahaba. Hakisemi kwamba Delila alimpenda yeye, wala hakisemi kwamba alikuwa Mfilisti. Kinataja bei. Wakuu wa Wafilisti wanamwahidi kila mmoja vipande 1,100 vya fedha, na ikiwa ni wale wakuu watano wa miji ya Gaza, Ashdodi, Ashkeloni, Gathi na Ekroni, jumla ni 5,500. Katika sura inayofuata kabisa, Mlawi mmoja anaajiriwa kuwa kuhani wa nyumba kwa vipande 10 kwa mwaka, pamoja na mavazi na chakula. Delila aliahidiwa mshahara wa miaka 550. Ikiwa kila kipande ni shekeli moja, ni mzigo wa fedha wa kilo zipatazo 60, ambao asingeweza kuuinua bila msaada.

Anamwuliza bila kuzungukazunguka, tena anataja kabisa neno kufungwa: niambie nguvu zako zinatoka wapi, na ufungwe kwa kitu gani upate kuteswa. Samsoni anajibu kwa uongo mara tatu, nami nimeusoma uongo huo polepole mara nyingi. Kwanza anataja upote mbichi saba wa upinde. Kisha anataja kamba mpya zisizotumiwa kamwe. Mara ya tatu anasema: uvisuke vishungi saba vya kichwa changu pamoja na nguo iliyo katika mtande, yaani nyuzi za mfumaji. Delila anamlaza, anasuka, anakaza kwa kigingi, na kumwita kwamba Wafilisti wamemjia. Naye anaamka na kung'oa kigingi, mtande na nguo. Uongo wa tatu tayari umefika kichwani. Mtu aliyekuwa akitupa mawe mbali na kisima sasa anayatupa ukingoni.

Wasimulizi wetu wa pwani wanajua ukingo huo. Fumo Liyongo, shujaa wa nchi za Pate na Ozi ambaye hakuna silaha iliyomdhuru, aliulizwa na mwanawe mwenyewe ni kitu gani kiwezacho kumuua, naye alijua kwamba mwana ametumwa, na bado akamwambia: sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Alipochomwa alikwenda kisimani, akapiga goti na kutia mshale upindeni, na watu wakashindwa kuteka maji kwa siku kadhaa wakidhani yu hai. Liyongo alisema kwa sababu anayeuliza ni damu yake. Samsoni alisema kwa sababu Delila alimsumbua siku baada ya siku hata roho yake ikadhikika kiasi cha kufa, na kwa sababu, hivi ndivyo ninavyoamini, alikuwa amechoka kuwa mtu pekee anayejua. Maneno ya kitabu ni kwamba alimwambia yote yaliyokuwa moyoni mwake. Na alichomwambia ndicho kile ambacho mama yake hakumwambia baba yake: wembe.

Wengi wanasimulia kwamba Delila alimnyoa. Alimlaza magotini pake, kisha akamwita mtu aje kuvinyoa vile vishungi saba. Samsoni anaamka na kusema atajinyoosha kama siku nyingine, na msimulizi anaongeza sentensi ambayo bibi aliniomba niisome mara ya pili: hakujua kwamba BWANA amemwacha. Alikuwa ameshika siri za kila mtu na kila kitu, na hii moja ikampita.

Walimng'oa macho, wakamteremsha Gaza, wakamfunga kwa vifungo vya shaba, naye akawa akisaga katika nyumba ya wafungwa. Mishna, mkusanyo wa sheria ulio msingi wa Talmudi, inasema Samsoni alifuata macho yake, ndiyo sababu Wafilisti wakamtoa macho. Wachoraji wa Ulaya walipenda kumfunga kwenye jiwe kubwa la mviringo, akilizungusha kama punda. Mawe ya namna hiyo yalikuja karne nyingi baadaye. Katika siku zake watu walisaga kwa jiwe la bapa lililolala chini na jiwe dogo la kusukuma kwa mikono miwili, kama lile la bibi yangu. Ninalijua jiwe hilo. Unapiga magoti mwisho wake wa juu, unasukuma mbele kwa uzito wa mgongo, unavuta, unasukuma; unga hutoka kwa chini kama mstari wa mchanga, na baada ya nusu saa sehemu inayouma kuliko zote ni magoti na kiuno, huku mikono ikiwa haina habari. Aliyesaga nyumbani, Israeli hata Ufilisti, alikuwa mwanamke au mtumwa. Bibi alipoelewa kwamba Samsoni alikuwa amepigishwa magoti mbele ya jiwe kama lake, alicheka kidogo, akaacha kucheka, akasema, "Hapo alijifunza." Hakueleza nini. Katika aya inayofuata nywele zinaanza kuota tena, kimyakimya, na safari hii hakuna wa kumwuliza.

Mwisho wake ulikuwa katika sikukuu ya Dagoni, mungu wa Wafilisti, walipomtoa gerezani awachezee. Watu wapatao 3,000, wanaume kwa wanawake, walikuwa darini. Katika miaka ya 1970, mwanaakiolojia Amihai Mazar alifukua huko Tell Qasile, ndani ya Tel Aviv ya leo, hekalu la Kifilisti ambalo dari yake ilibebwa na nguzo mbili za mbao zilizosimama juu ya mawe ya duara. Ukumbi wake mkuu ulikuwa na urefu wa mita zipatazo 7, na usingechukua watu 3,000 wala 300. Lakini zile nguzo mbili zipo, mahali panapostahili, na aliyekisimulia kisa hiki alijua nyumba ya Wafilisti inasimamaje. Samsoni aliomba nguvu mara hii moja tu, apate kisasi kwa ajili ya macho yake mawili, akasema na afe pamoja na Wafilisti, akajiinamisha kwa nguvu zote.

Usiku tuliomaliza sura ya 16 nilifunga kitabu nikidhani bibi atasifu, kwa sababu sisi watoto tulikuwa tukipiga makofi mahali hapo. Yeye aliendelea kufagia unga kwa kifagio chake kidogo, kisha akaniambia nirudi nyuma, mahali penye mtoto. Sikukumbuka mtoto yeyote. Nikafungua, nikamkuta: kijana aliyemshika Samsoni mkono, maana kipofu lazima awe na mtu wa kumwongoza. Samsoni anamwambia, niache nizipapase nguzo ambazo nyumba inazikalia, nipate kuziegemea. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwa binadamu yeyote. Hakumwambia ni kwa nini anazitaka, wala hakumwambia atoke nje.

"Huyo naye?" bibi aliuliza.

Nilisoma mpaka mwisho wa sura, mahali ndugu zake wanaposhuka kumchukua na kumzika kati ya Sora na Eshtaoli, katika kaburi la Manoa baba yake, nikamwambia kwamba kijana hatajwi tena. Bibi alimimina unga ndani ya ungo na kunitaka nisogeze taa.